Goma: Kazi ya Mungu yafika hadi kwenye biro ya mpaka

Goma, Bukavu, Uvira hata Butembo, mtu akisema «fulani anafanya kazi ya Mungu», hakuna anayeuliza ni kazi gani. Ni mchungaji, padri, mwinjilisti, katekista, labda mwimbaji wa kwaya ambaye nyimbo zake zinasikika ndani ya magari. Hakuna anayemfikiria karani wa mpakani. Karani wa mpakani anafanya kazi ya serkali, na kazi ya serkali, kila mtu anajua, ni jambo lingine kabisa.

Hata hivyo, tarehe 15 Juni 2025, kwenye basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mtoto wa Goma ambaye hakuvaa kanzu wala hakuongoza kanisa. Floribert Bwana Chui alikuwa mtumishi wa OCC, shirika la serkali linalokagua ubora wa mali inayoingia inchini. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26, sababu alikataa kuacha chakula kilichoharibika kipite.

Miezi kumi mbele ya hapo, tarehe 18 Agosti 2024, Uvira ilikuwa imeshangilia wenyeheri wengine wanne: wamisionari watatu Waxaveri kutoka Italia, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Abbé Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi. Hao wanaeleweka mara moja. Mmisionari anaacha kwao, anavuka bahari, anafia kwenye misioni yake: mfano huo waamini wa Kivu wameujua tangu katekisimu. Floribert anasumbua zaidi. Misioni yake ilikuwa meza, kalamu na muhuri, na anayesikia habari zake hawezi kujitoa kwa kusema «hayo ni mambo ya mapadri».

Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei iliyoanzia Roma mwaka 1968, na huko akashughulika na watoto wa barabarani, wale Goma inaowaita maibobo. Alikuwa akiwatafuta, akiwafundisha kusoma, akiwatafutia shule. Alipopata kazi OCC na kurudishwa Goma mwaka 2007, alipewa kuangalia mali iliyoharibika. Ndipo ikafika shehena ya mchele uliooza kutoka Rwanda. Wenye mali walitaka upite. Walimpa feza, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Simu zikaanza kumfikia, nyingine kutoka kwa watu wenye cheo. Alikwenda kumuuliza rafiki yake, mtawa aliye pia daktari, ni hatari gani inampata mtu akila chakula cha namna ile. Mtawa huyo alieleza baadaye kwamba kijana alijiuliza mbele yake kama anaishi ndani ya Kristu au hapana. Feza, alisema, zingekwisha haraka, lakini wale watakaokula chakula kile wangekuwa namna gani?

Mchele haukupita. Tarehe 7 Julai 2007 Floribert alikamatwa na watu, na siku mbili baadaye mwili wake uliokotwa ukiwa na alama za mateso.

Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana wa Kongo kwenye Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, akizungumza juu ya rushwa. Uwanja mzima ulipiga kelele za kuikataa. Kelele za namna hiyo ni nzuri, ila uwanjani hakukuwa na gari lenye mchele linalongoja muhuri.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo mahubiri mengi yanaliruka. Floribert hakufanya chochote cha pekee. Hakuhubiria wafanyabiashara wale, hakuwapa trakti, hakufunga siku arobaini. Alifanya kile ambacho inchi ilikuwa inamlipa akifanye: kuangalia chakula, kusema kimeoza, kukizuia. Kama Kongo ingekuwa inchi inayotembea vizuri, siku ile ingekuwa siku ya kawaida ya kazi, na jioni angerudi nyumbani akalalamika tu kwamba jua lilikuwa kali. Ni haya kwa inchi ambamo kufanya kazi uliyoajiriwa kunamfanya mtu awe shahidi wa imani.

Na inchi hii imejaa makanisa. Kutoka Majengo hadi Katindo, kutoka Kadutu hadi Panzi, mtu hawezi kutembea dakika tano bila kuona ubao wa kanisa. Usiku wa Ijumaa mikesha inaanza, spika zinapigana toka upande huu wa barabara hadi ule. Asubuhi ya Jumatatu watu haohao wanaingia biro, na mama anayevusha kabichi au unga kwenye barieri ndogo ya Gisenyi anatafuta tena noti za kugawa njiani, moja hapa, nyingine pale. Agizo la serkali la mwaka 2002 linaruhusu ofisi nne tu kufanya kazi mipakani. Mama huyo anaweza kukusaidia kuhesabu ni mikono mingapi inayonyoshwa.

Kinachouma ni kwamba mara nyingi mama huyo na yule anayemnyoshea mkono wanasali pamoja. Jumapili wanapeana amani. Labda wako kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mwenzake bezi. Hakuna anayelizungumzia, si mama, si karani, si mchungaji. Limekuwa kama mvua: linakunyeshea, unajifunika, unaendelea.

Wamisionari wa kwanza, pamoja na makosa yao yote (na walikuwa nayo, wengi walitembea mkono kwa mkono na ukoloni), hawakuacha pengo kubwa hivyo kati ya sala na kazi. Misioni ilikuwa kanisa, shule, zahanati, karakana ya seremala na shamba, vyote kwenye kilima kimoja. Stefano Kaoze, mtoto wa pande za Tanganyika, aliyepewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, leo Kirungu, na kuwa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi, alitoka katika shule za namna hiyo. Wapentekoste wa Uswidi walioanza kazi yao upande wa Kivu mwaka 1921, kazi iliyozaa kanisa la CEPAC, walijenga pia hospitali ya Lemera. Ni hapo Denis Mukwege alipofanya kazi kama daktari. Baba yake alikuwa mchungaji Bukavu, na mtoto alikuwa akimfuata kutembelea wagonjwa. Aliona baba anaomba, lakini dawa hana. Akasema moyoni kwamba yeye atakuwa yule anayetoa dawa. Baada ya Lemera kushambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na watumishi wakauawa vitandani, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Baba aliendelea na sala, mwana akashika sindano, na nyumbani kwao hakuna aliyeona kwamba mmoja ameacha kazi ya Mungu.

Leo pengo limekuwa kubwa. Si kwamba makanisa ya uamsho hayafai kitu, kama wasomi wengine wanavyopenda kusema wakiwa wamekaa barazani. Wakati wa vita, wakati wa kukimbia kwenda Kanyaruchinya na kurudi, wakati volkeno ya Nyiragongo ilipomwaga moto mwaka 2002 na 2021, watu walioomba pamoja walisaidiana kubebana. Mjane aliyepoteza kila kitu anapata mahali ambapo mtu anamwita kwa jina lake. Hilo si dogo. Lakini sikiliza ushuhuda unaotolewa Jumapili. Kijana anasimama, anashukuru: Mungu amemfungulia mlango, amepata biro. Kanisa linapiga vigelegele. Hakuna neno juu ya kazi yenyewe. Kinachoshangiliwa ni mahali, na «mahali pazuri» kwa lugha ya mji ni mahali pa kula. Watu wana methali yao kwa hilo: mbuzi hula pale alipofungwa. Kinshasa wanaita madesu ya bana, maharagi ya watoto, hapa tunaita matabishi. Jina ni tamu kila mahali.

Halafu kijana analeta shukrani. Mwezi wa kwanza bahasha, mwezi wa sita bati za kanisa, mwaka ukiisha anapewa kiti cha mbele na jina la «baba wa kazi ya Mungu». Mshahara wa kijana mchungaji anaufahamu, maana alimwombea apate kazi hiyo. Anajua pia bei ya bati. Hesabu haihitaji elimu kubwa, na haipigwi. Katika baadhi ya parokia mambo ni hayohayo, ila bahasha inapita kimya zaidi.

Watumishi wa serkali wana jibu, na jibu lao lisipuuzwe. Mshahara ni mdogo, unachelewa, miezi mingine haufiki. Wengine wanafanya kazi bila namba ya mfanyakazi, bila kulipwa, wakitumaini tu. Shule inafukuza mtoto, mwenye nyumba anagonga mlango. Mtu wa namna hiyo akisikia habari za Floribert anaweza kusema kwamba Floribert alikuwa kijana, hakuwa na watoto sita. Ni kweli. Tena mhubiri anayeweka kapu moja noti ya franka mia tano anayopewa askari mwenye njaa na maelfu ya dola yanayopitisha chakula chenye sumu, huyo hamsaidii mtu. Askari atamcheka, na mwenye dola atajificha nyuma ya askari.

Lakini njia kati ya hivyo viwili ipo, na kila mtumishi wa mpakani anaijua. Inaanza na noti inayopokelewa kwa kuharakisha karatasi ambayo ilikuwa sawa. Inafuata noti ya kufumba jicho juu ya kilo chache. Siku gari la mchele uliooza linapofika, wenye mali hawatishi kwanza, wanakumbusha tu: «Bwana mkubwa, siku zote tunaelewana.» Floribert alikuwa mgeni kwenye biro ile, hakuwa na deni la kuelewana na mtu. Labda ndiyo sababu waliona hawana la kumshikia isipokuwa nguvu.

Na mtumishi anayekataa leo, ambaye hauawi, anakufa polepole kwa njia nyingine. Anahamishwa kutoka mpakani kwenda kutunza karatasi kwenye chumba kisicho na dirisha. Wenzake wanaacha kula naye, wanaogopa atawaharibia. Nyumbani ni vita nyingine. Bibi yake anaona mwenzake wa bwana, waliyeanza naye kazi mwezi mmoja, amemaliza nyumba ya ghorofa Himbi, wao bado wanapanga. Mashemeji wanakuja na mgonjwa, wanaomba dola mia mbili, anatoa ishirini, wanaondoka wakisema ana roho ngumu, kwamba anaficha. Mama yake mzazi anamuuliza kwa upole: mwanangu, nilikusomesha kwa kuuza makala, hiyo kazi yako ni ya namna gani isiyoleta kitu? Hakuna mtu wa kumjibia. Jumapili anakwenda kanisani akitafuta faraja, na mhubiri anafundisha kwamba umaskini ni laana na kwamba anayetembea na Mungu anaonekana kwa baraka zake. Anarudi nyumbani akijua kwamba hata Mungu, inavyoonekana, anakubaliana na mashemeji.

Hapo ndipo lawama inapofika kwenye mlango wa makanisa yenyewe, Katoliki, Protestanti na ya uamsho. Ni vizuri Roma imemtangaza Floribert. Picha yake itachapwa kwenye vitenge, kwaya zitatunga nyimbo, shule zitabeba jina lake. Kumheshimu aliyekufa hakumgharimu mtu biro yake. Anayeishi ndiye anayehitaji watu, na makanisa yana watu. Katoliki wa Kivu wana mashirika yao, zile jumuiya ndogo za mtaa ambamo familia zinajuana kwa jina na kwa mlango. Shirika linajua kuchanga feza za kilio, feza za hospitali, feza za ndoa. Halijawahi kuzoea kuchanga kwa ajili ya mzazi aliyesimamishwa kazi sababu alikataa kuweka muhuri. Majimbo yana tume za Haki na Amani, zina wanasheria, zinaandika ripoti juu ya vita na madini. Karani mmoja anayetishwa kwa simu ni kesi ndogo kwao, hadi siku anapookotwa barabarani. Walutheri, Waanglikana, Wabaptisti na Wapentekoste wana wamama wao, vijana wao, vikundi vyao vya sala vya kila juma. Kumtembelea nyumbani mtumishi aliyeshushwa cheo, wachungaji watatu pamoja, wakae sebuleni, mashemeji wawaone: jambo hilo halihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Na kabla ya mpaka kuna shule. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya serkali na makanisa, sehemu kubwa ya shule za Kongo inaongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu. Karani wa kesho amekaa leo kwenye benchi ya shule yenye jina la mtakatifu. Ikiwa kwenye shule hiyo pointi zinanunuliwa, ikiwa mzazi anachanga «ya kuwapokea wakaguzi» siku za mtihani wa serkali na mkuu wa shule ndiye anayekusanya, basi somo la dini la saa mbili asubuhi limekwisha kufutwa kabla ya saa sita. Mtoto ni mwepisi kuelewa. Anaona kwamba msalaba umetundikwa ukutani na biashara inafanyika chini yake, na hakuna kinachoanguka.

Bukavu inakumbuka maaskofu wake wakuu wawili: Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, na Emmanuel Kataliko, aliyefukuzwa na waasi wa wakati ule akapelekwa Butembo mwaka 2000, kisha akafia Roma Oktoba ya mwaka huohuo. Hao walisema kwa sauti, na sauti yao ilisikika sababu ilitoka kwenye kiti cha askofu. Kongo itahitaji tena watu wa namna yao. Lakini mali haipiti mbele ya askofu. Inapita mbele ya vijana na mama wa umri wa miaka ishirini na tano, thelathini, wenye diploma ya chuo kikuu cha hapahapa, waliobatizwa, waliopewa kipaimara, ambao jioni wanakwenda mazoezi ya kwaya. Kama wao si wamisionari, basi dawa ya uongo, mafuta yaliyochakachuliwa na unga wenye wadudu havina mtu wa kuvizuia.

Siku ya kutangazwa kwa Floribert, Goma ilikuwa imekwisha kukaa miezi kadhaa mikononi mwa M23, tangu mwisho wa Januari 2025. Sherehe ilifanyika Roma, mbali na mtaa alikozaliwa. Wanaokusanya feza mpakani wamebadilika zaidi ya mara moja katika miaka hii thelathini, na wanaweza kubadilika tena. Magari yanaendelea kufika. Kwenye kila gari kuna karatasi, na kwenye kila karatasi kuna nafasi ya muhuri.

Katika ibada nyingi za mji, saa ya ushuhuda bado ina mlolongo uleule: aliyepona, aliyepata visa, aliyepata kazi, aliyepata mtoto. Kwaya ina wimbo tayari kwa kila mmoja. Kama Jumapili ijayo mtu atasimama aseme kwamba juma hili amepoteza nafasi yake sababu hakukubali kutia sahihi, itabidi mpiga kinanda asubiri kidogo, maana kwa ushuhuda huo hawajafanya mazoezi.